Pikipiki ya Mkononi na Sanduku Letu: Historia Fupi ya Miaka Kumi

 Katika kurasa nyingine mtasoma habari za hisa, za mfuko wa jamii na za mgao wa kila mwisho wa mzunguko. Sisi wanne wa kamati ndogo ya mali tumeagizwa na mkutano mkuu tuandike habari ya kitu kimoja tu, nacho ni pikipiki ya mkononi, yaani ile iliyokwisha tumiwa na mtu mwingine.

Wengine watauliza, pikipiki na akina mama wapi na wapi? Jibu ni kwamba tangu tuanze kikundi hiki mwaka 2015 hakuna mkopo uliotugombanisha kama mkopo wa pikipiki. Wala hakuna uliobadilisha nyumba za wenzetu upesi kama huo, kwa kujenga na kwa kubomoa. Kwa hiyo yafaa historia yake iandikwe wakati walioiona bado wapo, na vijana wetu wajue kwa nini leo mama hapewi fedha ya pikipiki mpaka kamati imepiga magoti chini na tochi mkononi.

TULIKOTOKA: MGUU NA BAISKELI

Bonde letu la Kilombero ni tambarare, na ndiyo maana Ifakara ilikuwa mji wa baiskeli kabla haijawa mji wa kitu kingine chochote. Baiskeli ilibeba mpunga, ilibeba samaki, ilibeba mgonjwa na ilibeba bibi harusi. Waliokuwa watu wazima katika miaka ya 1970 na 1980 wanazikumbuka Phoenix za Kichina na Swala zilizotengenezwa hapa hapa nchini. Kuwa na baiskeli wakati ule si mchezo, watu walikuheshimu.

Pikipiki ilikuwa ya wakubwa. Aliyekuwa nayo ni bwana shamba, padre, mganga wa zahanati au mtumishi wa mradi. Nyingi zilikuwa za Kijapani, kama Yamaha AG 100, DT 125 na Honda XL 125. Hata jina lenyewe lilitokana na mlio wake, piki-piki-piki, nasi watoto tulipousikia tulikimbilia barabarani. Mwananchi wa kawaida hakuwa na njia ya kuipata. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, na bidhaa kutoka nje ziliingia kwa kibali. Ilipofika mwaka 1984 serikali ilianza kulegeza masharti, wenye fedha zao nje wakaruhusiwa kuingiza bidhaa, na biashara ikazidi kufunguka katika awamu ya pili chini ya Mzee Mwinyi. Hata hivyo kwa mkulima wa mpunga pikipiki iliendelea kuwa kitu cha kuangalia kwa macho.

JINSI PIKIPIKI YA MTU MNYONGE ILIVYOZALIWA

Tumeona tuingie kidogo katika historia ya dunia, kwa sababu ukiijua utaelewa kwa nini fundi anakwambia chukua hii, acha ile.

Mwaka 1958 kampuni ya Honda huko Japani ilitoa pikipiki ndogo iliyoitwa Super Cub. Injini yake ilikuwa ya sisi 50 tu, magurudumu yake makubwa ya kuvuka mashimo, klachi yake ya kujiendesha yenyewe, na mbele ilikuwa na ngao ya kukinga miguu na matope. Ilikusudiwa iendeshwe na mtu yeyote, hata mpeleka chakula anayetumia mkono mmoja. Kufikia mwaka 2017 Honda ilikuwa imekwisha tengeneza zaidi ya milioni 100 za aina hiyo. Hakuna chombo kingine cha injini duniani kilichofikia idadi hiyo.

Kulikuwa na tofauti moja kubwa ambayo mpaka leo inamhusu mama mwenye fedha kidogo. Pikipiki nyingi za zamani zilikuwa za mipigo miwili. Hizo huchoma oili pamoja na petroli. Zina nguvu ya haraka na ni rahisi kufungua, lakini zinakunywa mafuta, zinatoa moshi, na kila safari lazima ufikirie oili. Super Cub ilikuwa ya mipigo minne. Oili yake inakaa chini ya injini, inazunguka na kulainisha, na petroli peke yake ndiyo inayochomwa. Ikitunzwa inakwenda mbali kwa lita moja. Ukisikia fundi anasema "hii ni foo stroku", ndiyo hiyo.

Katikati ya miaka ya 1970 Honda ilitoa nyingine, CG 125. Historia yake inatupendeza sana. Kampuni ilichunguza jinsi watu wa nchi zinazoendelea wanavyotumia pikipiki, ikakuta wanabeba mizigo mizito, wanachelewa kubadili oili, chujio la hewa halisafishwi, cheni imejaa vumbi. Badala ya kuwalaumu watumiaji, wahandisi walibuni injini itakayovumilia hali hiyo. Waliacha ile cheni ndogo ya ndani inayozungusha valvu, wakatumia vijiti vya kusukuma, na cheni ya nje wakaifunika kabisa. Ilikuwa injini ya shida, kwa watu wa shida.

Mfano wa injini hiyo ndio uliosambaa. Katika miaka ya 1990 viwanda vya China, hasa katika mji wa Chongqing, viliiga na kutengeneza injini za namna ya CG kwa wingi na kwa bei ya chini. Wakati huo huo India ilikuwa imejifunza kwa Wajapani: Bajaj ilishirikiana na Kawasaki, TVS ilishirikiana na Suzuki, na Hero ikashirikiana na Honda. Kwa hiyo tulipoanza kuona SanLG, T-Better, Toyo na Fekon zikimiminika kutoka China katika miaka ya 2000, na baadaye Boxer na TVS kutoka India, ujuzi uliokuwamo ndani yake ulikuwa umesafiri safari ndefu.

BODABODA NA KUZALIWA KWA SOKO LA MKONONI

Neno bodaboda tumelipokea kutoka Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda. Tangu miaka ya 1960 vijana wa huko walibeba abiria kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka, wakawa wanaita "boda! boda!" Baiskeli ikageuka pikipiki, jina likabaki. Hapa kwetu bodaboda zilianza kubeba abiria kabla sheria haijazitambua. Mwaka 2010 zilitoka kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji, na kazi hiyo ikawa halali chini ya SUMATRA, ambayo tangu mwaka 2019 nafasi yake imechukuliwa na LATRA.

Hapo ndipo soko la pikipiki za mkononi lilipopata nguvu. Si unajua mambo ya mkataba? Tajiri ananunua pikipiki mpya, anampa kijana, kijana analeta hesabu kila siku, na baada ya muda waliopatana chombo kinakuwa chake. Wengine wanamaliza mkataba na kuuza. Wengine wanashindwa njiani, tajiri anachukua chombo na kukiuza. Pikipiki iliyobeba abiria usiku na mchana kwa mwaka mzima inapigwa rangi, inafungwa siti mpya, inasimamishwa chini ya mwembe na kuitwa "nzima kabisa, ilikuwa ya mwalimu." Jamani, walimu wa nchi hii wangekuwa na pikipiki zote zinazosemwa ni zao, shule zingegeuka gereji.

Daraja la Mto Kilombero, ambalo sasa linaitwa Daraja la Magufuli, lilipofunguliwa mwaka 2018, biashara hiyo iliongezeka kwetu. Kabla ya hapo anayekwenda Lupiro au Mahenge alisubiri pantoni. Baada ya daraja, pikipiki moja iliweza kutoka asubuhi na dagaa na kurudi mchana na ndizi. Akina mama waliokuwa wakikodi kila safari wakaanza kupiga hesabu: kwa nini faida yangu iishie kwenye nauli?

MJADALA MKUBWA

Ombi la kwanza la mkopo wa pikipiki lilifika mezani mwaka 2016, kikundi kikiwa kichanga. Mwenzetu mmoja, muuza samaki, alitaka kumnunulia mwanawe. Mkutano uligawanyika. Upande mmoja ulisema pikipiki ni mtaji kama mtaji mwingine, tena unaotembea. Upande mwingine ulisema fedha za hisa zetu ni jasho la kukaanga na kuchuuza, haziwezi kutupwa barabarani.

Ndipo bibi mmoja, mkubwa kwetu kwa umri, aliposimama. Alisema, "Wanangu, mimi nimezika mjukuu kwa pikipiki. Hakuwa na kofia. Sitadhamini mtu, wala sitamzuia mtu. Lakini mkitoa fedha ya chombo bila kutoa fedha ya kofia, mjue mmenunua jeneza kwa riba." Ukumbi ulinyamaza. Hakuna aliyepiga kura siku ile.

Mkopo ulikuja kutolewa baada ya mikutano mitatu, na sharti la kofia ngumu mbili, ya dereva na ya abiria, likaingizwa katika katiba yetu kwa maneno ya bibi huyo. Mpaka leo hajawahi kudhamini mkopo wa pikipiki hata mmoja. Lakini kila kofia inayonunuliwa huletwa mkutanoni kwanza, naye huigonga kwa kidole na kuangalia mkanda wake kama unafunga. Isiyofunga inarudishwa dukani. Wenye maduka mjini wanamjua.

PIKIPIKI ILIYOCHUKULIWA

Mwaka 2017 mama mwingine, mjane mwenye watoto wanne, aliuza mpunga wa msimu mzima, akaongeza mkopo wa kikundi, akamkabidhi kijana wake fedha akatafute chombo. Muuzaji alikuwa mtu wa kupita. Alisema anasafiri, ana haraka, kadi halisi iko kwa mkewe Morogoro, ataituma kwa basi. Akaacha nakala ya fotokopi. Bei ilikuwa ndogo kuliko zote zilizoulizwa, nayo pikipiki iling'aa.

Kadi haikuja. Baada ya miezi mitatu kijana alisimamishwa barabarani, namba ya chesisi ikaangaliwa, kumbe chombo kilikuwa kimeripotiwa kuibiwa. Kilichukuliwa siku hiyo hiyo, na kijana akalala ndani siku mbili mpaka ilipothibitika kwamba yeye ni mnunuzi. Muuzaji hakuonekana tena.

Mkopo ulibaki. Kikundi hakikuweza kuufuta, kwa kuwa fedha ile ilikuwa hisa za wanawake wengine 27 ambao nao walikuwa na ada za shule za kulipa. Tulichoweza kufanya ni kuongeza muda wa marejesho, kumwondolea faini za kuchelewa, na kumpa kitu kidogo kutoka mfuko wa jamii wakati wa njaa ya kiangazi. Yule mama alilipa kwa maandazi. Aliamka saa tisa ya usiku kwa miezi minane, na marejesho ya mwisho aliyaleta yote kwa sarafu, kwenye kopo la maziwa. Tulizihesabu mezani, kila mtu akitazama chini.

Kutoka siku ile mkutano uliunda kamati ndogo ya mali. Kazi yake ni moja: fedha ya chombo isitoke sandukuni kabla chombo hakijakaguliwa.

TUNAVYOCHAGUA

Yafuatayo tumeyajifunza kwa mafundi wetu na kwa kukagua wenyewe mwaka hadi mwaka. Tunayaandika ili hata asiye mwanachama afaidike.

Kwanza, jua kazi kabla ya kujua pikipiki. Kubeba mizigo na abiria katika nchi tambarare hakuhitaji injini kubwa. Sisi 100 hadi 125, ya mipigo minne, inayopoozwa kwa upepo, yenye kiki ya kuwashia hata betri ikifa, inatosha. Anayepanda milima ya Mahenge na mzigo anaweza kufikiria 150. Kuna pikipiki kubwa nzuri za Kijapani zinazouzwa bei ya kutupa. Usishangae bei, uliza spea. Pikipiki bora kwa mtu mnyonge ni ile ambayo kebo yake ya klachi, plagi yake na cheni yake unavipata sokoni Ifakara kabla jua halijazama. Ndiyo maana vijana wengi wanang'ang'ania Boxer na TVS, au zile za Kichina za injini ya namna ya CG ambazo kila fundi chini ya mti amekwisha zifungua.

Pili, karatasi kwanza, chuma baadaye. Tunataka kadi halisi, si fotokopi. Tunalinganisha namba ya injini na namba ya chesisi na zile za kwenye kadi, herufi kwa herufi, kwa tochi. Mahali palipopigwa tupa, palipochomelewa au palipopakwa rangi mpya juu ya namba, tunaondoka bila maneno mengi. Jina la kwenye kadi lazima liwe la anayeuza, naye aonyeshe kitambulisho. Kama si lake, mwenye jina aje mwenyewe. Mauziano yanaandikwa kwa mwenyekiti wa mtaa mbele ya mashahidi wa pande mbili, na kadi inapelekwa TRA kubadilishwa jina bila kuchelewa. Muuzaji mwenye haraka aende zake salama.

Tatu, injini iwe ya baridi. Tunamwambia muuzaji asiiwashe kabla hatujafika, na tunaigusa kwa mkono kuhakikisha. Injini iliyochoka hupenda kuwashwa mapema ifiche ubaya wake. Ikiwaka, tunatazama bomba la moshi. Mvuke mweupe kidogo wakati wa asubuhi ya baridi ukiisha upesi si neno. Moshi mweusi ni petroli nyingi, pengine kabureta tu au chujio chafu. Moshi wa bluu usiokoma maana yake inakula oili: ringi, silinda au sili za valvu zimekwisha, na hapo injini lazima ishushwe. Tunamwuliza muuzaji kama injini imewahi kushushwa, halafu tunatazama vichwa vya bolti. Bolti zilizoparuzwa hazijui kusema uongo.

Nne, oili. Tunachomoa kijiti na kukipangusa kwenye kitambaa cheupe. Oili nyeusi ni uzembe wa kawaida. Yenye vumbi linalometameta ni chuma kinachosagika ndani. Yenye rangi ya chai ya maziwa ni maji yaliyoingia. Baada ya mafuriko ya masika ya mwaka 2024 ziliuzwa pikipiki ambazo zilikuwa zimelala majini, zimeoshwa na kupakwa vizuri. Kamati ilikataa moja ya namna hiyo kwa kitambaa tu. Kijana aliyeitaka alitununia wiki nzima. Baadaye aliyeinunua akaishusha injini kabla ya kuvuna, na kijana akaja kutuamkia.

Tano, mifupa. Fremu chini ya shingo ya usukani na pale shokapu za nyuma zinaposhika tunapaangalia kama pana ufa au kiraka cha kuchomelea. Tunasimama nyuma kuona kama magurudumu yamenyooka mstari mmoja. Tunainua gurudumu la mbele na kugeuza usukani polepole, ukikwama katikati beringi zake zimekula. Cheni tunaivuta kwa nyuma mwisho wa sproketi. Ikiinuka na kuonyesha nusu ya jino, imekwisha. Meno ya sproketi yaliyopinda kama mundu yanakwambia vivyo hivyo. Cheni haikatazi kununua, ila inashusha bei.

Sita, mita ya kilomita haiaminiki. Kebo yake hukatwa kwa kisu. Tazama badala yake mpira wa kukanyagia, pedali ya breki na mashikio. Chombo kinachosemwa kimetembea kidogo huku mpira wa kiki umelika mpaka chuma, hesabu yake haijumlishi.

HESABU YA MAMA MWENYE KIDOGO

Kuna jambo ambalo wenzetu wengi hawakulitazama mwanzoni mwa mikopo hii: bei ya kununua ni mlango tu, nyumba ni matumizi. Mwaka 2022 lita ya petroli ilipovuka shilingi 3,000, ndipo mkutano mzima ulipokaa na kupiga hesabu ubaoni.

Tuseme pikipiki inatembea kilomita 100 kwa siku. Iliyo nzima ya injini ndogo ikienda kilomita 50 kwa lita, inahitaji lita 2, yaani shilingi 6,000. Iliyochoka au ya mipigo miwili ikienda kilomita 30 kwa lita, inahitaji lita 3 na theluthi, yaani shilingi 10,000. Tofauti ni shilingi 4,000 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni 104,000. Kwa mkopo wa miezi sita ni 624,000. Mama aliyefurahi kupunguziwa 200,000 na dalali amezirudisha mara tatu, tena kwa kituo cha mafuta, siyo kwa watoto wake.

Kwa hiyo kanuni yetu ni hii. Katika kila sehemu kumi za fedha ulizonazo, nunua chombo kwa nane na mbili ziache mfukoni. Mwenye shilingi 1,500,000 atafute pikipiki ya 1,200,000. Ile 300,000 itabadili oili siku ya kwanza, itafunga cheni na sproketi, itanunua tairi kama lililopo ni kipara, italipia kubadilisha kadi na bima, na kofia mbili. Anayemaliza fedha zote kwa muuzaji atarudi kwetu kuomba mkopo wa pili kabla ya kulipa wa kwanza.

Hali kadhalika mkopaji sharti aweke theluthi moja kutoka mfukoni mwake mwenyewe. Fundi wa kukagua analetwa na sisi, si na muuzaji, na analipwa hata tusiponunua, ili asiwe na sababu ya kusifia. Dereva awe na leseni ya daraja A kabla ya abiria wa kwanza. Na kadi ya pikipiki inakaa ndani ya sanduku lenye kufuli tatu mpaka marejesho ya mwisho.

Masharti haya yote yaliandikwa upya tulipojiandaa kusajili kikundi kufuatana na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, iliyoviweka vikundi kama chetu katika daraja la nne. Wapo waliosema ni masharti ya kijeshi. Inawezekana.

TULIPOFIKA

Yule mama wa maandazi aliomba tena mwaka 2021. Wengine walidhani amerogwa. Safari hii kamati ilikwenda naye mara nne, ikakataa pikipiki tatu: moja kwa moshi, moja kwa fremu, na moja kwa kadi yenye jina la mtu asiyejulikana aliko. Ya nne ilikuwa mbaya kwa sura, siti imechanika, tenki limebonyea, lakini injini haijawahi kushushwa na kadi ilikuwa ya mwenyewe aliyekuwa amesimama pale. Kijana alinuna, alitaka inayong'aa. Mama yake akamwambia, "Mwanangu, kung'aa tumekwisha kula." Mkopo ulimalizika kabla ya wakati. Siti ilishonwa. Tenki limebonyea mpaka leo.

Si kila habari ni njema. Tumeona vijana wawili wa wanachama wakivunjika miguu, na familia moja ikaacha kabisa kazi ya pikipiki. Pia tunajua kwamba mwendo wa usiku, abiria watatu na pombe haviwezi kukaguliwa kwa tochi. Hilo ni la malezi, na sanduku letu halina kufuli ya kulifungia. Tunaloweza ni kusema kila mkutano, na kuziangalia kofia.

Sasa pikipiki za umeme zimeanza kuonekana mijini, na vijana wanatuuliza. Tunawajibu kwa maswali yale yale ya zamani: spea ziko wapi, nani anaijua kuifungua, betri ikichoka inauzwa kiasi gani, na jina lililo kwenye kadi ni la nani? Ikijibu vizuri, tutapiga magoti tuitazame nayo.

 Kwa wale watakaotuandikia historia ya miaka kumi ijayo, tunawaachia tochi, kitambaa cheupe na daftari la ukaguzi. Viko chini ya sanduku, upande wa kushoto.

Kamati Ndogo ya Mali